Ufa Husomwa Kabla ya Kuzibwa: Upimaji wa Nguvu za Madaraja ya Kale ya Matao ya Mawe

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufunzwa tangu shule za msingi na maana yake haina utata: kasoro ndogo isiporekebishwa mapema huzaa hasara kubwa. Hata hivyo, methali hiyo ilizaliwa katika mazingira ya nyumba, na ukuta unaotajwa humo ni ukuta wa nyumba. Yapo majengo ambayo ufa wake hauna maana moja, na miongoni mwayo ni daraja la tao la mawe. Katika daraja la aina hiyo, ufa mmoja waweza kukaa miaka mia bila kumdhuru mpita njia, ilhali ufa mwingine mwembamba zaidi ukawa ndio onyo la mwisho kabla ya daraja kuanguka. Anayeziba nyufa zote kwa saruji bila kuzitofautisha huenda akafuta ushahidi ambao mhandisi angeuhitaji.

Makala haya yanalenga kueleza namna nguvu za madaraja ya kale ya matao ya mawe zinavyopimwa, kwa lugha ambayo msomaji wa Kiswahili asiyekuwa mhandisi ataielewa. Hoja inayojengwa ni kwamba upimaji huo ni aina ya usomaji. Mpimaji husoma umbo la tao, husoma nyufa zake, husoma mto unaopita chini yake, kisha ndipo huingia katika hesabu. Mifano imetolewa katika Afrika Mashariki, hususan katika mazingira ya wadi ya Ndithini, eneo bunge la Masinga, Kaunti ya Machakos, ambako mito ya msimu na biashara ya mchanga huyatia majaribuni madaraja ya kila aina.

2.0 Tao la mawe katika Afrika Mashariki

Si kweli kwamba tao la mawe ni ugeni ulioletwa na reli. Waswahili walijenga kwa matao karne nyingi kabla ya hapo. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao upanuzi wake mkubwa ulifanywa kati ya karne ya 13 na ya 14, uliezekwa kwa kuba na mapaa ya matao yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu za mapaa hayo zimesimama hadi leo, na magofu ya Kilwa Kisiwani pamoja na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Magofu hayohayo yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya uhifadhi. Kwa hiyo maneno kama vile tao, kuba, mihrabu, chokaa na mwashi yalikuwa na kazi katika Kiswahili kabla ya istilahi za uhandisi wa kisasa kubuniwa.

Wimbi la pili lilikuja na reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na ufuko wa Ziwa Viktoria mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na miongoni mwao walikuwamo waashi. Mahali palipokuwa na mito mipana, wahandisi walitumia vyuma. Mahali pa vijito na makorongo, mawe yalitosha kujengea kalavati na nguzo.

Wimbi la tatu ni la karne hii. Magharibi mwa Uganda, madaraja mapya ya matao ya mawe yalijengwa katika barabara za vijijini kwa ushirikiano na Ubelgiji, na mwongozo wa ujenzi huo ukatolewa mwaka 2013. Nchini Tanzania, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, umeendeleza ujenzi wa madaraja ya mawe katika mikoa kadhaa, Kigoma ikiwa miongoni mwayo. Sababu kuu ni gharama. Mawe hupatikana karibu, wenyeji hupata kazi, na nondo ambazo hununuliwa kwa bei ghali hupungua au hazihitajiki kabisa. Madaraja hayo mapya yatazeeka, na wajukuu wa waashi wa leo watalazimika kuyapima. Kwa sababu hiyo, maarifa yanayojadiliwa hapa yanauhusu wakati ujao kama yanavyouhusu uliopita.

Itambulike pia kwamba umri wa jengo si cheti cha usalama wake. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa Zanzibar mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Jumba si daraja, lakini yote mawili hukaa chini ya sheria moja: mawe na chokaa hutoa habari za hali yao, na habari hizo hazina budi kusomwa kwa wakati.

3.0 Jinsi tao linavyosimama

Jiwe lina tabia mbili zinazopingana. Likikandamizwa, huvumilia uzito mkubwa mno. Likivutwa pande mbili, hupasuka upesi. Ubao uliowekwa juu ya kijito hupinda kidogo mtu anapoukanyaga. Upande wake wa juu hukandamizwa na upande wa chini huvutwa. Ubao waweza kuhimili mvuto huo, lakini jiwe refu lililowekwa mahali pa ubao halitauweza. Tao ni njia ya kumwezesha mjenzi kuvuka kijito kwa mawe bila kuyavuta mawe hayo. Kila jiwe hukatwa mfano wa kabari, likabanwa na majirani zake, na uzito wote husafiri kutoka jiwe hadi jiwe kwa njia ya mkandamizo mpaka ufike ardhini.

Mwaka 1675, mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alitangaza kanuni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa elimu ya matao. Mtu akishika mkufu kwa ncha zake mbili na kuuacha uning'inie, mkufu hujichagulia umbo ambalo ndani yake hakuna kitu isipokuwa mvuto. Umbo hilo likipinduliwa juu chini, mvuto hugeuka kuwa mkandamizo, na hapo hupatikana umbo la tao lisilohitaji kuvutwa popote. Mkufu ukitundikwa kitu kizito upande mmoja, umbo lake hubadilika. Vivyo hivyo, lori linapopita juu ya daraja, mkufu huo wa kufikirika uliomo ndani ya tao huhama kulifuata. Wahandisi huuita mstari wa msukumo. Maadamu mstari huo unapata nafasi ya kupita ndani ya unene wa mawe, tao litasimama. Ukikosa nafasi hiyo, tao litaanguka.

Kwa ufahamu wa sehemu zinazofuata, yafaa istilahi chache zifafanuliwe. Kilele ni sehemu ya juu kabisa ya tao. Miguu ni mahali tao linapoanzia kila upande. Mabega ni sehemu zilizo kati ya miguu na kilele. Maegemeo ni kuta nene za kingoni zinazopokea msukumo wa miguu na kuupeleka ardhini. Kifusi ni udongo, changarawe na mawe madogo yaliyojazwa juu ya tao ili barabara ipate kuwa sawa. Kuta za ubavu ndizo zinazokizuia kifusi kisimwagike mtoni. Upana wa tao ni umbali kutoka mguu hadi mguu.

Jambo lisilotarajiwa na wengi ni kwamba tao husukuma kwa mlalo pia, wala si kwa wima peke yake. Linataka kujitanua, na maegemeo ndiyo yanayolizuia. Egemeo likisogea hata kwa kiasi kidogo, tao hulazimika kujirekebisha. Marekebisho hayo ndiyo yanayoonekana kwa macho kama nyufa.

4.0 Ufa una maana gani?

Jacques Heyman, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alieleza mwaka 1966 kuwa nyufa katika jengo la mawe ni hali ya kawaida. Egemeo likisogea, tao hufunguka katika maungio fulani na kubaki likigusana upande mmoja wa ungio. Mahali hapo huwa kama bawaba ya mlango. Tao lenye bawaba tatu, kwa mfano moja kileleni na mbili miguuni, bado ni imara. Hakika ni tao lililopata mkao mpya. Hatari huja bawaba ya nne inapotokea, kwani hapo mawe hupata uhuru wa kuzunguka na tao huporomoka. Kwa hiyo swali la mpimaji si kama ufa upo au haupo. Mpimaji huuliza ufa uko wapi, umeelekea upi, ni wa ngapi, na je, unaendelea kukua?

Historia inao mfano mashuhuri wa usomaji wa namna hiyo. Katika miaka ya 1740, kuba la Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma lilikuwa na nyufa zilizozua hofu. Papa Benedikto wa 14 alimwita Giovanni Poleni, mtaalamu wa Padua. Poleni alitundika uzi wenye vipande vya uzito vilivyolingana na uzito wa sehemu mbalimbali za kuba, akalinganisha umbo la uzi huo na umbo la kuba lenyewe. Alibaini kuwa mstari uliopatikana uliingia ndani ya unene wa kuba, na kwa hiyo kuba halikuwa katika hatari ya kuanguka licha ya nyufa zake. Hata hivyo aliunga mkono kuongezwa kwa pete za chuma ili kulizuia lisizidi kutanuka. Ufa ulisomwa kwanza. Uamuzi wa kurekebisha ukafuata.

Katika daraja, mielekeo ya nyufa hubeba maana tofauti. Ufa unaokata tao kwa upana wa barabara huashiria kwamba bawaba imetokea au egemeo limesogea. Ufa unaofuata urefu wa barabara katikati ya tao huonyesha kuwa pande mbili za daraja hazitui sawasawa, na tao limeanza kugawanyika kuwa matao mawili membamba. Ufa wa mshazari, unaoanza mguuni ukapanda kuelekea kileleni, ni wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa mara nyingi hutokana na pembe moja ya msingi kuzama. Ufa uliopo baina ya tao na ukuta wa ubavu huonyesha kuwa kifusi kilicholoa maji kimeusukuma ukuta kwa nje. Huo waweza kuuangusha ukuta na barabara iliyo kando yake hata kama tao lenyewe ni zima.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopata nafasi yake. Katika mazungumzo ya kila siku, neno ufa hubebeshwa mambo mengi kupita kiasi. Fundi husema kuna ufa akiwa na maana ya chokaa iliyotoka kwenye maungio. Mwenzake husema hivyohivyo akiwa na maana ya jiwe lililopasuka. Taarifa mbili za namna hiyo zikifika katika ofisi ya mhandisi zitaonekana kuwa sawa, ingawa ya kwanza yahitaji chokaa na ya pili yahitaji kusimamisha malori. Lugha inayo maneno ya kutosha ya kuondoa utata huo. Ufa waweza kubakizwa kwa maungio yaliyofunguka lakini mawe yake bado yanagusana upande mmoja. Mwanya ufae kwa maungio yaliyopoteza chokaa yote. Mpasuko utumike pale jiwe lenyewe lilipokatika. Haya ni mapendekezo, na yeyote anaweza kuja na bora zaidi. Lililo muhimu ni kwamba uteuzi wa neno katika taarifa ya daraja waweza kuamua kama basi litapita au halitapita.

5.0 Hatua za upimaji

Upimaji huanza kwa macho, na huanzia mtoni kabla ya kupanda barabarani. Mpimaji hutazama kama msingi uko wazi, kama maji yamechimba chini yake, na kama mdomo wa daraja umezibwa na magogo au mchanga. Kwa kutumia chuma kirefu, hudunga chini ya maji au mchanga karibu na msingi ili kubaini kama kuna shimo lililofunikwa. Shimo lililochimbwa na mafuriko huweza kujaa mchanga mlegevu maji yanapopungua, na mtazamaji akadhani kuwa msingi umekaa salama.

Hatua ya pili ni umbo. Kamba na ubao wa kupimia hutosha kuonyesha kama upande mmoja wa tao umebonyea kuliko wa pili. Tao lililojengwa kwa ulinganifu na sasa halilingani ni tao lililosogea. Kilele kilichoshuka ni ishara mbaya, kwa kuwa tao linazidi kuwa bapa, na tao bapa husukuma maegemeo kwa nguvu zaidi.

Hatua ya tatu ni nyundo. Mawe na maungio hugongwa taratibu, na mpimaji husikiliza. Jiwe zima lililokaa vizuri hutoa mlio mkali; jiwe lililolegea au lililooza ndani hutoa mlio mzito wa kitu chenye uvungu. Unyevu, majani yaliyoota katika maungio, na michirizi meupe ya chokaa iliyoyeyushwa na maji huandikwa pia. Mizizi ya miti, hasa ya jamii ya mikuyu, haipaswi kupuuzwa, maana hutanua maungio mwaka hadi mwaka.

Hatua ya nne ni kuufuatilia ufa wenyewe kwa muda. Kipande chembamba cha kioo au plasta hubandikwa juu ya ufa na tarehe huandikwa kando yake. Kikivunjika, ufa unatembea. Kikisalia kizima msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, yamkini ufa ni wa zamani na umetulia. Njia hii haigharimu kitu kikubwa, na mwalimu wa shule ya jirani au mzee wa kijiji aweza kuisimamia kati ya ziara moja ya mhandisi na nyingine.

6.0 Hesabu

Baada ya usomaji huja hesabu. Njia iliyotumika sana ulimwenguni ni ile iitwayo MEXE, iliyotokana na utafiti wa Alfred Pippard nchini Uingereza katika miaka ya 1930 na ikaendelezwa na jeshi la nchi hiyo ili makamanda waweze kukadiria haraka kama daraja litayabeba magari yao. Mpimaji huchukua vipimo vitatu kwa mita: unene wa mawe ya tao kileleni, kina cha kifusi juu ya kilele, na upana wa tao. Viwili vya kwanza hujumlishwa na jumla yake huzidishwa kwa yenyewe, kisha kwa 740. Jibu hugawanywa kwa upana wa tao uliopandishwa katika kipeo cha 1.3. Kinachopatikana ni makadirio ya awali ya mzigo wa ekseli kwa tani, ambayo hayaruhusiwi kuzidi 70. Njia hii haitumiki kwa matao yenye upana unaozidi mita 18.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tao lina upana wa mita 6, unene wa mawe ni mita 0.35 na kifusi ni mita 0.25. Jumla ya unene ni mita 0.60. Hesabu hutoa takriban tani 26. Kiasi hicho hupunguzwa kwa vizidishi vinavyotokana na umbo la tao, aina ya mawe, hali ya maungio, na hali ya jumla ya daraja kama ilivyosomwa katika ukaguzi. Tuseme vizidishi vyote kwa pamoja vimefikia 0.5. Uwezo utashuka hadi tani 13. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Kwa makadirio haya, daraja hilo linapita.

Sasa tuchukulie kwamba greda limekwangua barabara mara kadhaa na mvua zimeondoa changarawe, hata kifusi kimebaki mita 0.10. Hakuna jiwe lililoguswa na hakuna ufa mpya. Jumla ya unene ni mita 0.45, na makadirio ya awali ni takriban tani 14.6. Baada ya kuzidishwa kwa 0.5, uwezo unabaki tani 7.3. Daraja lililopita jana halipiti leo, na kilichobadilika ni changarawe ya sentimita 15 peke yake. Kifusi hutawanya uzito wa gurudumu kabla haujalifikia tao, na pia hulielemea tao kwa uzito wake wenyewe hata mstari wa msukumo usihamehame. Wengi hukiona kuwa ni takataka ya kujazia, kumbe ni sehemu ya daraja.

Ni sharti ikumbukwe kuwa hesabu hii ni ya kukadiria. Mpangilio wa ekseli za gari huibadilisha, na watafiti wameonyesha kuwa MEXE huweza kuyapa matao mafupi sifa wasiyostahili. Siku hizi wahandisi hutumia pia programu za kompyuta zinazofuatilia mstari wa msukumo jiwe kwa jiwe. Lakini programu yoyote hupokea kile ambacho mkaguzi ameandika. Taarifa iliyochanganya mwanya na mpasuko itatoa jibu lenye makosa hata kompyuta iwe ya kisasa namna gani.

7.0 Mto na mchanga: mazingira ya Ndithini

Njia ya hesabu iliyoelezwa hapo juu haisemi lolote kuhusu mto. Katika nchi kame kiasi kama Ndithini, upungufu huo ni mkubwa. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Vijito vingi hukauka kati ya misimu hiyo vikabaki njia za mchanga mtupu, kisha siku moja maji hushuka kwa kishindo kutoka vilimani yakibeba udongo, magogo na mawe. Bwawa la Masinga katika Mto Tana, lililokamilika mwaka 1981, limepokea mashapo mengi kwa miaka yote hiyo, na mashapo hayo ni ushahidi wa kiasi cha ardhi kinachosafirishwa na mito ya sehemu hizo.

Ukambani imeonja uchungu wa vivuko visivyohimili mafuriko. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa likiwapeleka wanakwaya harusini lilisombwa na Mto Enziu katika Kaunti ya Kitui, na watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Aidha, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yalibomoka karibu na Mai Mahiu na kuua watu zaidi ya 40. Wizara ya Maji ilieleza kuwa njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na takataka, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hata yakalishinda. Tukio la pili lina funzo la moja kwa moja kwa mpimaji wa madaraja. Kinachobeba uzito chaweza kuwa kizima, lakini uwazi ulio chini yake ukiziba, tuta lote hugeuka kuwa bwawa lisilojengwa kuwa bwawa. Kwa hiyo upana wa mdomo wa daraja ni sehemu ya nguvu zake.

Jambo la pili ni mchanga. Machakos ni miongoni mwa kaunti zinazoilisha Nairobi mchanga wa ujenzi. Mchanga ukichotwa karibu na daraja, kitanda cha mto hushuka, na msingi uliokuwa umefunikwa kwa miaka mingi hubaki wazi. Maji ya msimu unaofuata huchimba chini yake, pembe moja huzama, na ule ufa wa mshazari hutokea. Vilevile malori yanayobeba mchanga huo hupita juu ya daraja hilohilo. Daraja hushambuliwa chini na juu na biashara moja.

Mabwawa ya mchanga, ambayo ni kuta fupi zinazojengwa kukingama vijito ili mchanga ukae na kuhifadhi maji ndani yake, yameenea Ukambani na yamewafaa wakazi pakubwa. Ukuta wa namna hiyo ukijengwa mtoni chini ya daraja huinua kitanda cha mto na kuufunika msingi, jambo ambalo ni la heri. Hata hivyo, ukiinua kitanda kupita kiasi hupunguza mdomo wa daraja. Kwa hiyo anayepanga bwawa la mchanga na anayekagua daraja hawana budi kuketi pamoja.

8.0 Kuziba kwa kitu gani?

Baada ya kusoma na kupima, huenda uamuzi ukawa ni kuziba. Hapo nako pana swali. Maungio ya madaraja mengi ya kale yalijengwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko jiwe na hupitisha unyevu. Tao likisogea kidogo, chokaa hukubali kusogea nalo, na maji yaliyoingia katika kifusi hupata njia ya kutoka kupitia maungio. Saruji ni ngumu na haipitishi maji kwa urahisi. Ikipakwa juu ya maungio ya chokaa, maji hufungiwa ndani, hukiloweka kifusi na kuzisukuma kuta za ubavu. Tao likisogea, saruji haikubali, na badala ya ungio kufunguka, jiwe ndilo linalopasuka. Ufa wa kawaida huwa umegeuzwa kuwa mpasuko kwa mkono wa mtengenezaji.

Kwa sababu hiyo, matengenezo bora mara nyingi ni yale yasiyopendeza macho. Nayo ni kung'oa miti, kufungua njia za maji ya mvua barabarani, kurudisha kifusi kilichokwanguliwa, kujaza mianya kwa chokaa, kuulinda msingi kwa mawe makubwa, na kusafisha mdomo wa daraja kabla ya kila msimu wa mvua. Pale ambapo mawe yameanguka au egemeo linaendelea kusogea, daraja hufungwa na mhandisi huitwa.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa tao la mawe husimama kwa umbo lake kuliko kwa ugumu wa mawe yake. Kwamba nyufa ni maandishi yanayoeleza namna umbo hilo lilivyosogea. Kwamba kifusi, mdomo wa daraja na kitanda cha mto ni sehemu za nguvu za daraja. Na kwamba hesabu haiwezi kuwa sahihi kuliko taarifa iliyoitangulia. Methali ya wahenga haijakosea. Kilichoongezwa ni sharti moja, kwamba mzibaji aujue ufa anaouziba.

Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wahandisi peke yao. Mhandisi hufika darajani mara chache, ilhali mkulima, mwendesha bodaboda na mtoto wa shule hulipita kila siku. Hao ndio wanaouona ufa wa kwanza, nao huutaja kwa Kiswahili, kwa Kikamba au kwa lugha nyingine ya nyumbani. Iwapo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vitashirikiana na idara za uhandisi katika vyuo vyao kuandaa mwongozo mfupi wa ukaguzi wa madaraja, wenye michoro na maneno yaliyokubaliwa, mkazi wa Ndithini atakayeona egemeo limeachana na tao baada ya mafuriko ataweza kupeleka taarifa yenye maana moja tu. Taarifa hiyo ikifika siku moja kabla ya lori la mchanga au basi la wanafunzi, istilahi itakuwa imefanya kazi yake.